Kuchuja na Kukuza: Namna Redio Inavyotenga Stesheni Moja na Nyingine

Msikilizaji wa mawimbi mafupi hakosi kulijua jambo hili, hata kama hajapata kulitafutia sababu. Usiku, anapouzungusha mshale polepole, hukuta stesheni fulani penye kilohezi 9,600 ikisema kwa nguvu na kwa usafi. Anapoendelea kuteremka huikuta stesheni ile ile, msomaji wa habari yule yule na neno lile lile, penye kilohezi 8,690, mahali ambapo stesheni hiyo haikutangaza kamwe. Mara nyingi huwa imeilalia stesheni nyingine dhaifu, ambayo pengine ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Akiongeza sauti, zote mbili huongezeka. Akiunga waya mrefu kwenye antena na kuutupa juu ya mwembe, huenda mambo yakazidi kuharibika. Wengi waliosikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka London, yaliyoanza mwaka 1957, au kutoka Cologne, yaliyoanza mwaka 1963, waliivumilia dhiki hii kwa miaka mingi wakidhani kuwa ni hewa mbaya tu.

Makusudi ya makala haya ni kueleza asili ya dhiki hiyo na njia walizozitumia wahandisi kuipunguza. Hoja nitakayoishika ni kwamba kichujio na kikuzaji si vyombo viwili vinavyoweza kuboreshwa kila kimoja peke yake. Kila faida inayopatikana kwa kimoja hulipiwa na kingine, na ustadi wa msanifu wa saketi ni kujua alipe wapi. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza mambo haya yamefuata nini hapa. Jibu langu ni fupi: istilahi hazikui katika orodha za kamati. Hukua zinapotwishwa mzigo wa maelezo marefu, zikaonekana kama zaweza kuubeba.

Maneno

Yafaa basi tuelewane kwanza juu ya maneno. Chombo kinachopokea ishara dhaifu na kuitoa ikiwa na nguvu zaidi huitwa na mafundi wetu amplifaya, na watu walio wengi hukiita kipaza sauti. Lakini kipaza sauti ni kile anachokishika mhutubu mkononi, na ni kile kilichotundikwa juu ya mnara, na pengine ni kile kisanduku kilichoko baina ya hivyo viwili. Neno moja limetwishwa vyombo vitatu vyenye kazi tatu. Tena, katika sehemu ya redio tunayoizungumzia hapa hamna sauti bado. Mna mitetemo ya umeme inayokwenda mamia ya maelfu au mamilioni kwa sekunde, ambayo sikio haliwezi kuihisi. Kwa hiyo nitasema kikuzaji. Kichujio hakina matata, kwani kila nyumba ina chujio lake. Neno masafa, ambalo asili yake ni umbali, limekwisha kushika maana ya idadi ya mitetemo katika kila sekunde miongoni mwa watangazaji na wasikilizaji wao; ijapokuwa marudio lingeeleza zaidi, sioni faida ya kushindana na desturi iliyokwisha kukaa. Kilohezi moja ni mitetemo 1,000 kwa sekunde, na megahezi moja ni mitetemo milioni moja.

Pembea ya umeme

Kifumbu cha tui huchagua kwa ukubwa: tui hupita, machicha hubaki. Mawimbi ya redio hayachaguliki hivyo. Yote huingia kwa pamoja katika waya mmoja wa antena, ya stesheni za karibu na za mbali, na kinachoyatenga ni wepesi wa mtetemo wake tu. Mfano ulio karibu zaidi ni pembea. Kila pembea ina mwendo wake yenyewe, kwa kadiri ya urefu wa kamba zake. Anayeisukuma kwa kuufuata mwendo huo, hata kwa kidole kimoja, ataiona inapanda juu. Anayeisukuma kwa mwendo mwingine, hata akitumia nguvu, misukumo yake itapingana, na pembea itatikisika tu pale pale.

Saketi ya koili na kapasita ni pembea ya namna hiyo. Kapasita huweka akiba ya chaji. Koili huushikilia mwendo wa umeme usiweze kuanza wala kukoma ghafla. Zikiungwa pamoja, umeme huenda na kurudi baina yake kwa mwendo maalumu unaotegemea ukubwa wa zote mbili. Koili ya maikrohenri 250 pamoja na kapasita ya pikofaradi 100 hutetema kwa masafa ya megahezi 1 hivi, ambayo yamo katikati ya mawimbi ya kati. Anayezungusha kitufe cha kutafutia stesheni, katika redio za mtindo wa zamani, huwa anaongeza au kupunguza kapasita, na ndivyo anavyoibadilisha pembea yake ipate kuitikia stesheni nyingine.

Pembea haipembei milele, kwa kuwa hewa na msuguano wa kamba huila nguvu yake. Vivyo hivyo waya wa koili una ukinzani wake. Wahandisi hupima uhodari wa saketi wa kuhifadhi nguvu kwa kadiri wanayoiandika kwa herufi Q, na kadiri hii ndiyo inayoamua upana wa mlango: ukigawa masafa kwa Q, unapata upana. Saketi yenye Q ya 50, ikiwekwa penye kilohezi 1,000, ina mlango wa kilohezi 20. Katika sehemu yetu ya dunia stesheni za mawimbi ya kati zimepangwa kwa kuachana kilohezi 9, kwa mapatano yaliyofanywa Geneva mwaka 1975 na kuanza kufuatwa Novemba 1978. Mlango wa kilohezi 20 basi utaingiza stesheni na jirani zake. Peleka saketi yenye Q hiyo hiyo penye kilohezi 9,600, na mlango utakuwa na upana wa kilohezi 192. Huko kwenye mawimbi mafupi, ambako stesheni hupangwa kwa kuachana kilohezi 5, mlango huo wapitisha safu nzima.

Mluzi, na njia ya kuukwepa

Dawa iliyofikiriwa kwanza ilikuwa kuzidisha milango. Ishara ipitishwe katika saketi moja, ikuzwe, ipitishwe katika ya pili, ikuzwe tena, na kadhalika. Redio nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1920 zilijengwa hivyo, nazo zilikuwa na maradhi mawili. Saketi zote zilipaswa kuzungushwa sawasawa, na katika redio nyingi kila moja ilikuwa na kitufe chake. Maradhi ya pili yalikuwa mabaya zaidi: redio zilipiga mluzi.

Sababu ya mluzi huo anaijua kila aliyepata kusikia chombo cha mhutubu kikilia kwa sababu ya kusogezwa karibu na spika. Kinachotoka hurudi kuingia, hukuzwa tena, hutoka kikiwa kikubwa zaidi, na mzunguko haukomi. Ndani ya valvu ya zamani kulikuwa na kapasita ndogo isiyokusudiwa, baina ya mlango wa kutokea na ule wa kuingilia. John Miller wa Marekani alionyesha, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1920, kwamba kapasita hiyo haihesabiwi kwa udogo wake, bali hujidhihirisha mlangoni kana kwamba imezidishwa kwa kadiri ya ukuzaji. Kadiri kikuzaji kinavyokuwa hodari ndivyo kinavyojirudia zaidi. Transista nayo ilikuja kuwa na kasoro iyo hiyo. Louis Hazeltine aliitibu kwa ujanja rahisi: aliirudisha sehemu ya ishara kwa njia ya pili, kinyume na ile ya kwanza, hata zikafutana. Redio zilizotumia ujanja huo ziliuzwa kwa wingi Marekani tangu mwaka 1923.

Edwin Armstrong, ambaye tangu mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa amejifunza kuutumia mrejesho kwa kipimo ili kuinua ukuzaji wa valvu moja bila kuufikisha kwenye mluzi, alikuja na shauri jingine mwaka 1918 akiwa jeshini Ufaransa. Lucien Lévy, Mfaransa, alikuwa na wazo lililofanana nalo, na madai ya nani alitangulia yalifika mbele ya wasajili wa hataza. Shauri lenyewe ni hili: badala ya kukilazimisha kichujio kiifuate stesheni, ifanye stesheni ikifuate kichujio. Redio huwa na kitetemeshi chake ndani. Mtetemo wake huchanganywa na ule wa stesheni, na mchanganyiko huo huzaa mtetemo mpya ambao masafa yake ni tofauti ya hayo mawili. Ukitaka stesheni ya kilohezi 600, kitetemeshi huwekwa 1,055. Tofauti ni 455. Ukitaka ya 1,000, kitetemeshi hupanda hadi 1,455. Tofauti ni 455 vile vile. Nitayaita hayo masafa ya katikati. Sasa vichujio vyote vyaweza kujengwa mara moja kwa ajili ya masafa hayo, vikarekebishwa kiwandani, wala visiguswe tena. Karibu redio zote zilizotengenezwa baada ya hapo, kuanzia zile za valvu hata zile ndogo za transista zilizoanza kuuzwa mwaka 1954, zimefuata njia hii.

Taswira

Njia hii nzuri ina deni lake, na deni hilo ndilo lililomsumbua msikilizaji wetu. Tofauti ya namba mbili haijui ipi ni kubwa. Mshale ukiwa penye 8,690, kitetemeshi hutetema kilohezi 9,145. Stesheni ya 8,690 iko chini yake kwa 455, na stesheni ya 9,600 iko juu yake kwa 455. Zote mbili huzaa masafa yale yale ya katikati, na zikishazaa hivyo hakuna kichujio kitakachoweza kuzitenga, kwa kuwa zimekuwa kitu kimoja. Wahandisi wameyaita masafa hayo ya pili taswira, na kwa mara moja wamechagua neno lenye kueleza. Kitetemeshi ni kioo: kitu kiko mbele ya kioo kwa umbali fulani, na taswira yake iko nyuma kwa umbali ule ule. Katika redio hii baina ya stesheni na taswira yake pana kilohezi 910.

Kwa hiyo taswira haina budi kuzuiwa kabla ya mchanganyiko, na anayeweza kuizuia ni ile saketi ya mwanzo tu, pembea iliyoko karibu na antena. Tuitazame kazi yake kwa hesabu, tukichukua Q ya 50. Mshale ukiwa penye kilohezi 600, taswira iko 1,510, mbali sana kwa kulinganisha, na saketi huidhoofisha mara 106. Mshale ukiwa penye 8,690, taswira iko 9,600. Tofauti ni ile ile ya 910, lakini kwa macho ya pembea inayotetema mara nyingi hivyo, hiyo ni jirani ya mlango wa pili, nayo hudhoofishwa mara 10 tu. Stesheni yenye nguvu, ikidhoofishwa mara 10, bado ina nguvu za kuifunika iliyo dhaifu. Ndiyo sababu dhiki hii haikumpata sana msikilizaji wa mawimbi ya kati, ikampata yule wa mawimbi mafupi katika redio ile ile.

Msomaji atauliza: kwa nini tusiikaze saketi hiyo ya mwanzo, Q iwe 90 badala ya 50? Hapa ndipo kuchuja kunapoanza kudai malipo. Koili yenyewe, kabla ya kuungwa na chochote, ina Q yake, tuseme 100. Ikishaungwa na antena upande mmoja na kikuzaji upande wa pili, Q ya saketi nzima hushuka, kwani sasa nguvu inatolewa, na kutolewa ndiko tunakokutaka. Ukiilegeza saketi nzima hata Q yake iwe 10, asilimia 81 ya nguvu ya ishara hupita. Ukiikaza iwe 50, asilimia 25 hupita. Ukiikaza iwe 90, hupita asilimia 1, na nyingine zote hupotea. Kichujio kinapokaribia uwezo wa koili yake, huila ishara kilichokusudiwa kuihifadhi.

Njia za kutoka ni chache. Mojawapo ni kupata koili bora: waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa kwa ajili ya mawimbi ya kati, kiini cha feraiti, au koili pana ya waya mnene kwa ajili ya mawimbi mafupi. Ya pili ni kutumia saketi mbili mfululizo, ili mara 10 iwe mara 100, lakini zote mbili zitadai malipo yake. Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya busara zaidi, ni kukisogeza kioo mbali. Redio za FM hutumia masafa ya katikati ya megahezi 10.7, kwa hiyo taswira iko megahezi 21.4 mbali. Kanda nzima ya FM, kutoka 87.5 hadi 108, ina upana wa megahezi 20.5, na hivyo hakuna stesheni ya FM inayoweza kuwa taswira ya stesheni nyingine ya FM. Redio bora za mawimbi mafupi hubadilisha masafa mara mbili. Kwanza huyapandisha, tuseme hadi megahezi 45, ambapo taswira iko megahezi 90 juu ya stesheni na kichujio kimoja kisichosogea, kinachozuia yote yaliyo juu ya megahezi 30, chatosha kuiondoa. Kisha huyateremsha hadi kilohezi 455, ambapo ni rahisi kutengeneza mlango mwembamba. Gharama yake ni kwamba sasa kuna vitetemeshi viwili na vichanganyi viwili, na kila kichanganyi huzaa uchafu wake.

Umbo la mlango

Nilisema vichujio vya masafa ya katikati hujengwa mara moja. Lakini vijengwe kwa umbo gani? Pembea moja ina mlango wenye kilele katikati na mabega yanayoteremka pande zote mbili. Sauti ya mtangazaji haimo katika masafa ya katikati hasa, bali imeenea pande mbili zake, nyuzi za chini zikiwa karibu na nyuzi za juu zikiwa mbali. Kichujio chenye kilele kikali huzikata nyuzi za juu, na mtangazaji husikika kama asemaye ndani ya mtungi. Kinachotakiwa ni mlango wenye dari iliyo bapa na kuta zilizosimama.

Stephen Butterworth, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi la majini, alitoa makala mwaka 1930 juu ya nadharia ya vikuzaji vinavyochuja. Jina hilo lenyewe linaonyesha kwamba kwake yeye kazi hizi mbili zilikuwa moja. Alionyesha namna ya kuzipanga saketi kadhaa, kila moja ikiwa na Q yake tofauti na nyingine, hata kilele cha moja kijaze bonde la nyingine na dari iwe bapa kadiri inavyowezekana. Tena, kwa kuweka valvu baina yake, saketi moja haikuweza kuivuruga jirani yake, na kilichopotea katika kuchuja kilirudishwa papo hapo kwa kukuza. Katika kichujio cha namna yake kinachopitisha masafa ya chini, ukienda mara mbili ya ukingo wa mlango, hatua moja hudhoofisha mara 2.2, hatua tatu, mara 8, hatua tano, mara 32. Hesabu zake zingali zikifundishwa.

Vipande vya kwatzi, ambavyo Q yake hufika makumi ya maelfu, na vile vya kauri vilivyo rahisi zaidi, vimechukua mahali pa koili nyingi. Juu ya hivyo sitasema mengi, kwa kuwa kanuni ni ile ile.

Kelele, na stesheni zisizokuwako

Yabaki upande wa kikuzaji. Huyu hushitakiwa kwa makosa mawili: kuongeza kelele, na kusema uongo.

Kelele ninayoikusudia ni ule mvumo wa mchanga unaosikika pasipo na stesheni. Mwaka 1928 J. B. Johnson na Harry Nyquist, waliokuwa katika maabara ya Bell huko Marekani, walieleza kwamba kila kitu chenye ukinzani, kwa sababu ya joto lake tu, hutoa mvumo wa umeme. Hakuna kikuzaji kisichokuwa nao. Harald Friis, wa maabara hiyo hiyo, alitoa mwaka 1944 kanuni ya kuujumlisha katika redio nzima, na kanuni hiyo yafundisha kitu ambacho akili ya kawaida haikitarajii. Tuseme kikuzaji cha kwanza kina kadiri ya kelele ya 2 na hukuza nguvu mara 10, na vyote vinavyofuata vina kadiri ya 11. Kwa pamoja kadiri huwa 3 tu: wa kwanza ndiye anayeamua, kwa sababu wengine hupokea ishara iliyokwisha kukuzwa. Sasa weka mbele ya wote kichujio kinachokula nusu ya nguvu. Kadiri hupanda hadi 6. Kihamishe kichujio hicho hicho nyuma ya kikuzaji cha kwanza, na kadiri huwa 4.1. Kwa mintarafu ya kelele, basi, kuza kwanza, uchuje baadaye.

Lakini kikuzaji kilichoachwa mlangoni bila mlinzi hutenda kosa la pili. Kikuzaji kamili kingekuwa kile ambacho kinachotoka ni kile kilichoingia mara kadhaa, bila kuzidi wala kupungua. Hakuna kilicho kamili. Ishara mbili zenye nguvu zikiingia kwa pamoja, tuseme 9,500 na 9,600, kikuzaji huzichanganya kidogo na kuzaa mbili nyingine, 9,400 na 9,700, ambazo hakuna mtu anayezitangaza. Hizi si taswira. Zimezaliwa ndani ya redio yenyewe, tena zimezaliwa mahali penye stesheni halisi. Wala kichujio cha baadaye hakiwezi kuzitoa, kwa sababu masafa yake ni sawasawa na yale yanayotakiwa. Kwa mintarafu ya uongo, basi, chuja kwanza, ukuze baadaye. Amri hizi mbili zinapingana waziwazi.

Harold Black alilijua tatizo la uongo katika nyaya za simu, ambako vikuzaji vingi vilifuatana na kosa la kila kimoja likajumlika. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini, aliandika juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times ufumbuzi wake: jenga kikuzaji chenye nguvu kupita haja, kisha uirudishe sehemu ya kinachotoka mlangoni kwa namna ya kupinga. Ukuzaji hupungua sana, lakini kosa hupungua kwa kadiri iyo hiyo. Ni mrejesho ule ule uliopiga mluzi, ila umegeuzwa upande. Hataza aliyoiomba mwaka 1928 hakuipata mpaka 1937. Wasanifu wa redio hutumia kanuni yake kwa tahadhari, kwa kuwa katika masafa ya juu ishara inayorudi huchelewa kidogo, na mpinzani akichelewa hugeuka kuwa msaidizi. Ndipo mluzi unapoanza upya.

Kati ya amri hizo mbili, ipi ifuatwe? Yategemea masafa. Katika mawimbi mafupi na ya kati, kelele inayoingia kwa antena, hasa ile ya radi, na sisi wa nchi za joto tuna radi za kutosha, kwa kawaida huishinda ile ya kikuzaji. Hapo hakuna faida ya kikuzaji kimya kupita kiasi. Weka kichujio mbele, nguvu inayopotea haitajutiwa. Ukipanda juu, mbingu hutulia polepole. Karl Jansky, aliyekuwa akichunguza kelele penye megahezi 20.5 huko New Jersey, aligundua kwamba sehemu ya mvumo ule yatoka katika Njia ya Maziwa, na akatangaza habari hiyo mwaka 1933. Juu zaidi, katika setilaiti, hata mvumo huo huwa mdogo, na huko kikuzaji kimya hutangulizwa karibu kabisa na antena.

Waya juu ya mwembe

Sasa twaweza kumjibu yule aliyetupa waya juu ya mwembe. Redio yake ndogo ilisanifiwa kwa antena fupi ya kuvuta. Waya mrefu haukuleta stesheni aliyoitaka peke yake; umeleta zote, na nyingi kati ya hizo ni zenye nguvu. Umezidisha kelele ya radi kwa kadiri ile ile ulivyozidisha stesheni, kwa hiyo hapo hakuna faida. Na umekifikisha kikuzaji cha kwanza penye kusema uongo. Tena, maungio mazito ya waya huishusha Q ya saketi ya mwanzo, na taswira hupita kwa urahisi zaidi kuliko hapo awali.

Tabia moja ya uongo huu yamsaidia fundi kuutambua. Ishara mbili zinazoingia zikiongezwa mara 2, zile za uongo zinazofanana na 9,400 na 9,700 huongezeka mara 8. Kinyume chake ni kweli vile vile. Ukipunguza kila kiingiacho kwa nusu, stesheni halisi hushuka kwa nusu, bali ya uongo hushuka hata ibaki sehemu ya 8. Ndiyo maana redio bora zina kitufe cha kupunguza nguvu ya antena, kitufe ambacho wenye redio wengi hawakigusi wakidhani ni cha kuharibu. Stesheni ikishuka kidogo tu baada ya kupunguza, ni ya kweli. Ikitoweka, ilizaliwa ndani.

Asiye na kitufe hicho, na awe na waya wake, aweza kuunga kapasita ndogo, ya pikofaradi 10 hivi, baina ya waya na redio, ili maungio yalegee. Njia bora zaidi ni kujenga saketi ya koili na kapasita ya kuzungushwa nje ya redio, waya ukiungwa katika mizunguko michache ya mwanzo ya koili, na redio vivyo hivyo. Ni pembea ya ziada mbele ya mlango. Itampotezea nguvu kidogo, nayo nguvu hiyo anayo ya kutosha.

Siku hizi redio nyingi huyageuza mawimbi kuwa tarakimu, na kazi ya vichujio vya katikati hufanywa kwa hesabu ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Vichujio vya namna hii huweza kuwa na kuta zilizosimama kiasi ambacho koili haingeweza kufikia, wala havichoki wala kubadilika kwa joto. Lakini chombo kinachogeuza mawimbi kuwa tarakimu kina kikomo cha juu. Ishara zikijumlika na kukipita kikomo hicho, vilele vyake hukatwa, na tarakimu zilizokatwa haziwezi kurekebishwa kwa hesabu yoyote. Tena kina kioo chake. Kikipima mara milioni 64 kwa sekunde, kioo husimama penye megahezi 32, na stesheni ya megahezi 50 huonekana penye 14, bila alama yoyote ya kuonyesha ilikotoka. Kwa hiyo mbele ya silikoni hiyo, karibu na antena, huwekwa kichujio cha koili na kapasita, na mara nyingi baada yake kikuzaji kimoja.